Nzuri Tu, Ila...

Katika kichochoro kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni aliishi msichana mmoja ambaye watu wote walimwita Chapuchapu, na kusema kweli hawakumwonea. Asubuhi, wenzake wakiwa bado wanapiga miayo na kutafuta kiatu cha pili, yeye alikuwa ameshafagia ua, ameshateka maji kisimani, ameshaosha vyombo na amesimama mlangoni na mkoba mgongoni.

"Mama, nimemaliza! Nakwenda shule!"

"Hebu ngoja kwanza," mama yake alisema, akipitisha kidole ndani ya sufuria. Kidole kilitoka cheusi. "Sufuria hii umeiosha, au umeisalimia tu?"

Chapuchapu alicheka, akaisugua tena juujuu, akatoka mbio. Mama yake alibaki akitikisa kichwa. Mgongoni alikuwa amembeba Bwana Mdogo, mdogo wake Chapuchapu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Baba yao alikuwa dereva wa lori la safari za mbali, kwa hiyo mara nyingi nyumbani pale walikuwa wao watatu tu.

Asubuhi ile Bwana Mdogo hakuwa na furaha. Tumbo lilikuwa likimsumbua tangu juzi. Lakini katika kichochoro kile, mtoto gani hakusumbuliwa na tumbo? Leo wa kwako, kesho wa jirani. Watu walinunua vidonge kwenye duka la dawa pale kona, wakarudi kwenye shughuli zao, na maisha yakaendelea. Walikuwa wamezoea, na kuzoea jambo baya ni hatari kweli.

Shuleni siku hiyo kulikuwa na mgeni. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa viatu vya kutembelea, na pindo la sketi yake lilikuwa limejaa vumbi la njiani.

"Mimi ni mtafiti wa mambo ya jamii," alijitambulisha. "Daktari anapima damu. Mimi napima maisha ya watu, na ninachokusanya kinaitwa data."

Msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. Huyu walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Dada, data si zile tunazonunua kwenye simu?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mtafiti naye alicheka.

"Zile huisha kabla hujafurahi. Hizi ni taarifa kuhusu watu. Kuna data za idadi: nyumba hii ina watu wangapi, wagonjwa wangapi. Hizo unaziandika kwa tarakimu. Na kuna data za maelezo: mtu anakueleza kwa maneno yake mwenyewe yaliyompata, na kwa nini anadhani yamempata. Tena kuna data unazozifuata mwenyewe, mlango kwa mlango, na kuna zile unazozikuta wengine wameshaziandika, kama daftari la wagonjwa pale zahanati. Mtafiti mzuri anazitaka zote."

Kisha akaeleza kilichomleta. Ofisi ya maji ilikuwa na mabomba ya kupeleka maji safi, lakini mwaka huu yalitosha mitaa michache tu. Mabomba yangekwenda kwenye mitaa yenye magonjwa zaidi. Kujua ni ipi, ilibidi watu waulizwe, na wanafunzi wa darasa lile wangesaidia kuuliza. Kila mmoja angepewa karatasi za maswali, yaani hojaji, na kichochoro chake. Juu ya hojaji kulikuwa na swali: *Hali ya afya ya watu wa nyumba hii ikoje?* Chini yake palikuwa na visanduku vya kuweka alama: nzuri, wastani, mbaya. Na chini kabisa paliachwa mistari mitupu ya maelezo.

"Visanduku ndivyo muhimu," alisisitiza mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Desimali, kisirisiri bila shaka, kwa kuwa hakusamehe hata nukta. "Hiyo mistari ya chini, mtu akiwa na la kusema. Msije mkaniletea hadithi hapa."

Mtafiti alitaka kusema kitu, akatazama saa yake, akaacha.

Chapuchapu alipewa kichochoro chake mwenyewe. Alifurahi sana. Kila mlango aliujua, na kila mbwa alimjua. Alipotoka shule tu, akaanza kazi.

"Hodi! Hamjambo? Hali ya afya hapa ikoje?"

"Nzuri tu, binti," alijibu fundi viatu, sindano ikiwa mdomoni. "Ila..."

Chapuchapu alikuwa ameshaweka alama. "Asante, baba!" Fundi alipotoa sindano mdomoni ili amalizie neno lake, aliona kisogo tu.

Nyumba ya pili, nzuri. Ya tatu, nzuri, tunamshukuru Mungu. Mwanamke aliyekuwa anaanika nepi alisema nzuri. Bibi wa mlango wa buluu, ambaye alikuwa akiishi peke yake, alisema, "Sisi wazima, mjukuu wangu, karibu ndani," akageuka kumtafutia kigoda. Chapuchapu aliitikia karibu ile akiwa tayari mlango wa jirani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwao. Mama alikuwa ameinama kwenye beseni la nguo.

"Mama, haya ni maswali ya shule. Hali ya afya ya nyumba hii ikoje?"

"Nzuri tu, mwanangu. Ila huyu mdogo wako..."

"Nzuri," Chapuchapu alisema akiandika. "Nimemaliza! Nitakuwa wa kwanza!"

Na kweli, kesho yake alikuwa wa kwanza. Karatasi zake zilikuwa safi, visanduku vyote vina alama, hakuna hata kimoja kilichoachwa. Mwalimu Desimali alizinyanyua juu ili darasa lizione. "Hii ndiyo kazi! Mpigieni makofi." Makofi yakapigwa, na Chapuchapu akajiona mtu.

Redio alileta za kwake mwisho kabisa. Alikuwa ameuliza nyumba chache tu za kichochoro cha jirani. Visanduku alikuwa ameviacha vitupu, lakini ile mistari ya chini ilikuwa imejaa, ikafurika hadi pembeni.

"Visanduku je?" Mwalimu Desimali aliuliza.

"Nilishindwa kuchagua, mwalimu. Wanasema nzuri, halafu wanakaa wanakwambia mabaya."

"Basi hujajaza. Karatasi ambazo hazijajazwa hazihesabiwi." Akaziweka kando. Darasa lilicheka, na Chapuchapu alicheka kuliko wote. Redio alirudi kukaa na, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, hakusema kitu.

Wiki iliyofuata matokeo yalisomwa. Mtafiti alikuwa amezijumlisha data za hojaji, kisha akaenda zahanati kulinganisha na daftari la wagonjwa. Watu wa kichochoro cha nyuma ya kiwanda walionekana mle kwa nadra sana.

"Data tulizokusanya wenyewe na data tulizozikuta zinakubaliana," alisema. "Kichochoro cha nyuma ya kiwanda kina afya nzuri. Mabomba yatapelekwa mitaa ya upande wa soko. Ofisi ya maji itapitisha uamuzi huo kesho kutwa asubuhi."

Chapuchapu alihisi kitu kikimkwaruza moyoni. Afya nzuri? Kichochoro chao? Lakini si watu wenyewe ndio waliosema? Aliipuuza ile hisia, akatoka kwenda kucheza.

Siku ya pili yake, aliporudi kutoka shule, aliukuta mlango wa kwao uko wazi na beseni la nguo limepinduka uani. Mama yake alikuwa amepiga magoti sakafuni. Bwana Mdogo alikuwa mapajani mwake.

"Mama, ana nini?"

"Ameharisha tangu alfajiri. Nimempa vile vidonge vya dukani, vyote ametapika. Sasa hata hatapiki tena." Sauti ya mama ilikuwa nyembamba, si sauti yake. "Mwite, mwanangu. Labda wewe atakuitikia."

Chapuchapu alimwita. Bwana Mdogo, ambaye kila siku akisikia tu sauti ya dada yake hurusha miguu yote miwili, hakugeuka. Macho yalikuwa yamedidimia. Midomo ilikuwa imekauka ikapasuka. Alifungua kinywa alie, sauti ikatoka kidogo, lakini machozi hayakuja. Mtoto analia bila machozi!

Walikimbia njia nzima hadi zahanati, mama mbele na mtoto kifuani, Chapuchapu nyuma akiwa na kanga na chupa ya maji ambayo hakuna aliyeikumbuka. Kandambili moja ya mama ilimvuka njiani, hakurudi kuiokota.

Muuguzi aliyekuwa mlangoni aliwapokea.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo," mama alijibu, akihema.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu."

Chapuchapu aligeuka akamkodolea mama yake macho. Nzuri? Mtoto kichwa kinaning'inia, mguu mmoja hauna kiatu, jasho linachuruzika, halafu nyumbani ni kuzuri?

Lakini muuguzi hakuondoka. Hakuandika chochote. Alisimama palepale, mkono umeshagusa paji la uso la Bwana Mdogo, akingoja.

"Ila huyu mtoto," mama alisema, na hapo uso ukamkunjamana, "ila huyu mtoto, dada yangu, ananifia mikononi."

Muuguzi alimchukua mtoto palepale, akaita wenzake. Walimlaza, wakatafuta mshipa kwenye mkono wake mwembamba, wakaukosa, wakatafuta tena. Mama aliambiwa akae kwenye benchi la ukutani. "Mbona mmechelewa hivi?" aliulizwa. "Mtaani kwenu mbona hamji kabisa hapa?"

"Tunanunua dawa pale kona," mama alijibu. "Sote tunanunua pale."

Chapuchapu alikuwa amesimama, mgongo umegusa ukuta wa baridi. Maneno yalikuwa yakimzunguka kichwani. Nzuri tu, ila. Nzuri tu, ila. Fundi viatu alisema *ila*. Yule wa nepi alikuwa amefungua mdomo. Bibi wa mlango wa buluu alimtafutia kigoda. Na mama, mama yake mzazi, alisema *ila huyu mdogo wako*, naye akaandika nzuri akaondoka mbio akiwahi makofi!

Kumbe lile *nzuri* halikuwa jibu. Ilikuwa salamu tu. Nani aliyelelewa vizuri anayemtupia mtu shida zake mlangoni, kabla hata hajakaa? Kwanza unasema hatujambo, ndipo mambo yenyewe yanafuata. Na yeye Chapuchapu alikuwa amekusanya salamu za kichochoro kizima, akazipeleka shule ziitwe data.

"Mama," alisema, "naomba nikimbie shule. Narudi sasa hivi."

Mama hakusikia. Alikuwa anautazama mlango alimoingizwa mwanawe.

Mtafiti alikuwa katika chumba cha walimu, anafunga mkoba wake. Mwalimu Desimali alikuwa akimsaidia kupanga karatasi. Chapuchapu aliingia bila hodi.

"Dada, usipeleke! Zile data zangu si za kweli!"

"Za uongo?" Mwalimu Desimali alisimama. "Ulizitunga?"

"Sikuzitunga, mwalimu. Walisema nzuri. Lakini sikungoja wamalize." Na hapo alilipuka kilio, akaeleza kwa kukatakata: mtoto, zahanati, salamu, ila. Hakuficha kitu, hata lile la kutaka kuwa wa kwanza alilisema.

Mwalimu Desimali alivua miwani. Safari hii alisema kwa upole. "Pole sana, mwanangu. Lakini data haziwezi kubadilishwa kwa sababu mdogo wako anaumwa."

"Mwalimu anasema kweli," mtafiti alisema polepole. "Mtoto mmoja anauma roho, lakini mtoto mmoja hanipi sababu ya kuhamisha mabomba. Na uamuzi ni kesho asubuhi."

Chapuchapu alimshika mtafiti mkono. Hapakuwa na wa kumwendea tena. "Si mmoja, dada! Twende ukasikie mwenyewe! Sisi wote pale tunaumwa, tumezoea tu!"

Mtafiti aliweka mkoba chini. "Niambie. Kila nyumba uliyoingia ulikaa muda gani?"

"Sikukaa, dada," Chapuchapu alijibu. "Sikukaa hata moja."

Mtafiti aliufungua tena mkoba. Alitoa karatasi tupu. "Mwite yule mwenzako Redio," alisema. "Mwalimu, na wewe njoo na kalamu yako."

Walianzia kwa fundi viatu. Mtafiti alimsalimia, akakaa kwenye gogo lililokuwa la wateja, akauliza habari za kazi. Fundi alisema nzuri tu. Mtafiti akanyamaza. Redio, kwa mshangao wa kila mtu, akanyamaza pia. Chapuchapu alijikanyaga vidole vya mguu mmoja kwa mwingine ili asiseme kitu.

"Ila," fundi alisema baadaye, akiweka kiatu chini, "wanangu hawa wawili shule wanaisikia tu. Wakienda leo, kesho tumbo. Mwezi huu sijui wamekwenda mara ngapi."

Yule mwanamke wa nepi alisema wazima, kisha akasema ila pacha mmoja hajanyonya vizuri tangu Jumapili. Mwingine alisema wazima, ila mumewe amelala ndani. Kadiri walivyokwenda, ndivyo mtafiti alivyozidi kunyong'onyea. Kwenye kila mlango aliangalia pia kwa macho yake: nepi zilizojaa kwenye kamba, maganda ya vidonge yaliyotupwa uani, watoto wenye matumbo makubwa waliokaa kivulini saa ambazo watoto wengine wanacheza. Mwalimu Desimali alikuwa akiandika tarakimu, na mkono wake ulikuwa mzito.

Walipobisha kwenye mlango wa buluu hawakujibiwa. Walibisha tena. Sauti ndogo ikasema, "Piteni."

Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka, shuka limeloa, na mtungi ulio karibu yake ulikuwa mtupu. Alijaribu kuinuka ili awapokee wageni, akashindwa.

"Hujambo, bibi?" Chapuchapu aliuliza, machozi yakimlenga.

"Sijambo, mjukuu wangu." Bibi alitabasamu kidogo. "Ni wewe uliyekuja siku ile. Niligeuka nikupe kigoda, nikakukosa. Nilikuwa nataka kukuomba unitekee maji."

Chapuchapu hakuweza kuvumilia. Alipiga magoti pembeni ya mkeka, akaushika mkono wa bibi, akalia kwa sauti. "Nisamehe, bibi. Nisamehe." Mwalimu Desimali alitoka nje mara moja, na waliposikia tena sauti yake alikuwa anawaita vijana wa kiwandani waje na mkokoteni wa kumpeleka bibi zahanati.

Kule zahanati mama alikuwa bado kwenye benchi lilelile. Bwana Mdogo alikuwa hai, maji yakimwingia kwa mpira, lakini alikuwa hajafumbua macho. Muuguzi alisema ni kungoja.

Mtafiti aliketi pembeni ya mama. "Pole, dada yangu. Si lazima tuzungumze sasa."

"Nitazungumza," mama alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza." Akamtazama Chapuchapu. "Wewe andika. Ulikuja siku ile hukuandika."

Chapuchapu alishika kalamu.

"Kabla ya huyu alikuwapo mwingine," mama alianza. "Msichana. Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kumkumbuka. Tulikuwa tumehamia tu pale. Alianza hivihivi, tumbo. Nikasema ni la kawaida, majirani wote wanasema ni la kawaida. Nikanunua vidonge. Siku ya tatu aliniangalia hivi, akalala, hakuamka tena. Nimeyachota maji ya kisima kile kila siku tangu hapo, kwa sababu hakuna mengine. Kila nikiyamimina kwenye kikombe cha mtoto huyu, moyo unanidunda. Watu wakiniuliza habari za nyumbani, nasema nzuri. Niseme nini?"

Chapuchapu aliandika kila neno. Aliandika taratibu, kwa sababu alikuwa haoni vizuri kwa machozi, na kwa sababu hakutaka hata moja lipotee. Miaka yote alikuwa akilala chumba kimoja na mama yake, na hakujua.

Jua lilipokuwa likizama Bwana Mdogo alifumbua macho. Aliangalia dari, akaangalia mama, kisha akaanza kulia kwa hasira, na safari hii machozi yalimtiririka. Mama aliyafuta kwa kiganja, akakitazama kiganja chake kilicholowa, akacheka na kulia kwa pamoja.

Asubuhi, mtafiti hakupeleka ripoti ile ya kwanza. Alipeleka mpya. Ndani yake mlikuwa na idadi ya nyumba zenye wagonjwa, ambayo ilizidi nusu ya kichochoro. Mlikuwa na maelezo ya watu kwa maneno yao, yakiwamo yale ya Redio, ambayo Mwalimu Desimali mwenyewe aliyarudisha mezani. Mlikuwa na yale aliyoyaona kwa macho. Na mlikuwa na sababu ya majina yao kuwa machache katika daftari la zahanati: wagonjwa walikuwa wakiishia duka la dawa. Bwana afya alikuja siku hiyohiyo akakipima kisima. Kilikuwa kimechimbwa karibu mno na vyoo, na maji machafu yalikuwa yakipenya chini kwa chini. Kisima kikafungwa, lori la maji likawa linaleta maji kila siku, na kabla mwaka haujaisha bomba lilifika hadi mbele ya mlango wa buluu. Bibi alikuwa wa kwanza kulifungua, maana alikuwa amepona.

Kabla ya kuondoka, mtafiti alirudi darasani kuaga.

"Chapuchapu alikosea, na amekiri mwenyewe bila kusukumwa. Lakini na mimi nilikosea," alisema. "Swali langu la kwanza liliiga salamu ya kila siku, nikapata majibu ya salamu. Idadi niliyopata ilikuwa safi sana, na ilikuwa karibu iwaue watu. Shikeni hili: idadi inakwambia wangapi. Maelezo yanakwambia nini kimewapata na kwa nini. Macho yako yanakwambia kama hayo mawili ni kweli. Ukiwa na haraka, vyote vitatu vitakudanganya. Kazi ya kumsikiliza mtu haifanywi umesimama mlangoni. Kaa chini, ngoja amalize, kisha uandike ukweli, hata kama utakuwa wa mwisho kumaliza."

Mwalimu Desimali aliandika ubaoni matokeo ya ripoti mpya ili wanafunzi wayanakili. Mstari wa mwisho ulikuwa wa watoto wadogo waliopotea katika kichochoro kile kwa ugonjwa wa tumbo, tangu watu walipohamia. Aliandika: *saba*.

Wanafunzi wengine walinakili, wakafunga daftari. Chapuchapu alikuwa bado ameishika kalamu, anaitazama ile saba. Mwalimu alikwenda akasimama karibu naye.

"Umebaki nyuma leo," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mwalimu," Chapuchapu alijibu. "Mmoja wao ni mdogo wangu wa kike."

Mwalimu Desimali hakumwambia aharakishe. Alivuta kiti, akakaa kando yake, akangoja hadi alipomaliza.